Chuo cha Ufundi si Jalala la Waliofeli

Mwezi uliopita dada yangu aliyeko Mombasa alinipigia simu, na katika mazungumzo akaniuliza: "Ndugu yangu, mwanangu akasome chuo cha ufundi? Kwani amekosa nini?"

Sikumjibu. Mimi mwenyewe, mtu mzima wa miaka 44, mwenye duka la vitambaa hapa Eldoret, ni mwanafunzi wa chuo cha namna hiyo, nasomea utungaji wa programu za kompyuta. Dada hakuwa na habari, kwani sikuwa nimemwambia. Basi ilikuwa kama ananiuliza nimekosa nini mimi.

Kijana mwenyewe alipangiwa nafasi na KUCCPS, shirika lile lile la serikali ligawalo nafasi za vyuo vikuu. Barua imo kabatini, naye yuko barazani. Mama amesema ni chuo kikuu au basi, maana watu watasemaje?

Nami nauliza, watu gani hao? Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Kilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya Mabohora na wengineo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi mikononi. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, mwaka 1972 kikawa politekniki, na hadhi ya chuo kikuu kamili kilipewa mwaka 2013 tu. Wazee wetu walitoa mali yao kwa ajili ya ufundi, nasi leo twauonea haya!

Sisemi kwamba chuoni ni raha tupu. Baridi ya alfajiri ya Eldoret, mji ambao wazee wa huku waliuita Sisibo kutokana na shamba nambari 64, si baridi ya kuchezewa na mtu wa pwani. Muhula wa kwanza tulikaa watatu kwa kompyuta moja, na umeme ukikatika kazi yote isiyohifadhiwa hupotea. Wala sisemi kwamba kila atokaye na cheti atapata kazi. Lakini ngoja nikusimulie lililonipata.

Tuliambiwa kila mtu atunge programu moja yenye manufaa kwa watu wake. Wenzangu, ambao wengi wangeweza kuwa wanangu, walichagua maziwa, mahindi na matatu. Mimi nilichagua mirathi. Nilijisemea ni jambo jepesi, maana mafungu yamekwisha kutajwa katika Qurani: mume nusu ikiwa marehemu hakuacha mtoto, robo ikiwa ameacha, mke robo, au thumni, na kadhalika. Kompyuta hupenda sana maneno ya "ikiwa" na "la sivyo". Usiku kucha niliandika.

Mwalimu wangu, binti wa Kikalenjini asiyezidi miaka 30, wala si Mwislamu, akaijaribu. Akaingiza marehemu mwanamke, aliyeacha mume na dada wawili wa baba na mama, na mali ya shilingi 84,000. Programu ikampa mume nusu, 42,000, na hao dada thuluthi mbili, 56,000. Jumla 98,000. Mwalimu akanitazama: "Mzee, hizi elfu kumi na nne umezitoa wapi?"

Darasa zima lilicheka. Jioni nilikwenda kwa shehe mmoja wa hapa mjini, naye pia akacheka, ila kwa furaha. Akanieleza kwamba jambo hilo laitwa auli, na wanavyuoni husimulia kuwa lilikatwa zama za Sayyidna Umar: mafungu yakizidi mali, kila mmoja hupunguziwa kwa kadiri ya fungu lake. Mali hugawanywa saba badala ya sita. Mume atapata 36,000, na kila dada 24,000. Nikarudi nikaongeza mistari kumi na mmoja, na hesabu ikasimama.

Nimesoma fikihi tangu utotoni, lakini naapa sikupata kuielewa auli mpaka mashine iliponiumbua. Wala jambo hili si geni kwetu. Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu cha aljabri ambacho sehemu yake kubwa ni hesabu za wasia na mirathi. Na neno algorithimu, linalotajwa kila siku darasani kwetu, ni jina lake yeye lililogeuzwa na ndimi za Wazungu. Kijana wa pwani, aliyepita madrasa, mwenye kujua mirathi na zaka, anaingia katika ufundi huu na mtaji ambao mwenzake hana. Mtaji huo sasa umelazwa barazani, ukinywa kahawa.

Programu nimeitia katika simu yangu. Jumamosi, duka likifungwa, nitampigia dada. Kwanza nitamweleza habari yangu mimi, na akimaliza kushangaa ndipo tuzungumze ile barua iliyomo kabatini.