Njia za Bibi nani kazirithi?



 

Ndugu wanafunzi, katika darasa la mirathi tunawafundisha fungu la bibi. Kisa chake mnakikumbuka. Bibi mmoja alimwendea Sayyidna Abubakar (r.a.) akitaka haki yake katika mali ya mjukuu wake aliyefariki. Sayyidna Abubakar akamwambia kuwa halioni fungu lake katika Qur'ani wala hajui lolote juu yake katika Sunna, basi arudi mpaka awaulize watu. Akasimama Mughira bin Shuuba akashuhudia kuwa Mtume (s.a.w.) alimpa bibi sudusi, na Muhammad bin Maslama akashuhudia hivyo hivyo. Fungu hilo mnalijua na kwenye mtihani hamlikosei. Leo tunataka kuuliza upande wa pili: mjukuu anarithi nini kwa bibi yake? Usikimbilie kalamu ukaanza kupiga hesabu, kwani hatuulizi nyumba.

Sisi tulilelewa na bibi mzaa mama, hapa Tanga, mitaa ya Ngamiani. Tulikuwa wajukuu sita katika vyumba viwili, kila mmoja ana sababu yake ya kuletwa pale. Bibi aliamka kabla ya adhana ya alfajiri akachoma vitumbua, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyotulipia ada ya madrasa na kutununulia misahafu. Hayo wengi wenu mnayaona majumbani kwenu, hatutayarefusha. Tunalotaka kuwasimulia ni safari zake za Ijumaa.

Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri Bibi alivaa buibui lake, akachagua mjukuu mmoja wa kufuatana naye, wakatoka. Wiki hii Chumbageni kwa mtoto wa kaka yake, wiki ijayo kwa bibi mmoja waliyenyonya naye ziwa moja. Mara mbili kwa mwaka tulipanda basi mpaka Pangani kwa watu wa dada yake. Enzi hizo barabara ile ni vumbi tupu, tukifika hata nyusi zimegeuka rangi. Hakwenda mikono mitupu. Alichukua bakuli lenye vitumbua vitano au sita, limefunikwa kwa kitambaa, na bakuli hilo likirudi lina ndimu, au embe, au konzi ya mchele. Tuseme kweli, sisi safari hizo tulizichukia, maana Ijumaa jioni ndipo mpira ulipokuwa ukichezwa.

Kulikuwa na nyumba moja ya ukoo wetu ambayo mwenyewe hasemi na Bibi kwa ugomvi wa zamani. Tukifika hatukuambiwa karibu. Bibi aliketi pale pale barazani, akatoa salamu, akauliza hali za watoto, akaliweka bakuli, akaaga. Siku moja tulimwuliza, "Bibi, mbona tunakwenda na wenyewe hawatutaki?" Akajibu, "Mume wangu, mimi siendi kwake, naenda kwa wanawe." Wakati ule hatukumwelewa, tuliona anajidhalilisha tu.

Mwaka 2012 tulikuwa Unguja tukisomea diploma. Tulimtumia Bibi pesa kwa simu kila tulipojaliwa, tukaona tumeshatimiza wajibu. Kila tukiongea naye alikuwa na swali moja: "Pangani umeenda?" Na sisi jibu letu moja: likizo ijayo, inshallah. Alifariki mwaka huo huo. Tulipofika Tanga tayari kashazikwa, kwani maiti hacheleweshwi. Tukauliza nani aliingia kaburini kumpokea, tukatajiwa wawili, na mmoja wao ni kijana wa nyumba ile tusiyokaribishwa. Tukaja kuambiwa pia kuwa zile pesa tulizomtumia alizitoa kwa wakala wa hapo mtaani, akazifunga pindoni mwa kanga, akapandia basi la Pangani peke yake. Swali lake kwetu lilikuwa anatuulizia zamu yetu.

Nyumba yake iligawiwa kisheria. Sheikh alipiga hesabu, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike moja, ikauzwa, kila mtu akapata chake, na alhamdulillahi hapakuwa na neno. Sisi watoto wa binti zake hatukuwa na fungu, na ni haki. Lakini Ijumaa zake, nani alizirithi? Hakuna aliyezidai. Miaka mitatu baadaye yule dada yake wa Pangani akafariki, na sisi habari tukaipata siku ya arobaini. Kutoka hapa mpaka Pangani ni kiasi cha kilomita hamsini tu. Bibi kizee aliweza, sisi wenye simu mbili mbili tulishindwa.

Kila mwaka ukoo wetu unamsomea Bibi hitima. Kama hitima inafaa au haifai, hilo lina wenyewe wa kulizungumza, sisi leo halimo katika shabaha yetu. Tunachosema ni kuwa unachinjwa mbuzi, inapikwa pilau, na waliokuja kumwombea Bibi wanakula vyumba mbali mbali kwa kuwa hawasemezani. Sasa huyo tunayemkumbuka ni bibi yupi?

Tazameni mafundisho ya dini yetu. Abu Usayd As-Saidi (r.a.) amepokea, na Abu Daud ameitoa, kuwa mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama kuna wema wowote uliobaki wa kuwatendea wazazi baada ya kufa kwao. Akajibiwa kuwa upo: kuwaombea, kuwatakia maghufira, kutimiza ahadi zao, kuunga udugu ambao haukuungwa ila kwa ajili yao, na kuwakirimu marafiki zao. Dua na maghufira sote tunafanya, maana yanafanyika tumekaa. Hayo mengine yanataka miguu. Na Bibi Aisha (r.a.) ameeleza jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akichinja kondoo, akamkatakata, kisha akawapelekea nyama rafiki zake Bibi Khadija (r.a.), na mwenyewe Khadija alikwisha kufariki zamani. Alikuwa akizifuata njia za mkewe.

Kuna watakaosema siku hizi ukoo una kundi la WhatsApp. Na sisi tumo. Kila Ijumaa tunaletewa picha za mawaridi, tunajibu amina, na tukiulizwa aliyeleta picha ana watoto wangapi hatujui.

Mwaka huu tuliwauliza wanafunzi wa darasa la tatu wataje ndugu waliozaliwa tumbo moja na bibi zao. Ni wachache mno waliofika wawili. Lakini hadithi ya aliyekata udugu kuwa haingii peponi waliisoma wote kwa sauti moja, bila kukosea irabu. Hatukuwalaumu. Wao wamekuta njia zimeshaota majani, na waliozitelekeza ni sisi wa rika hili.

Nasi tumeanza upya, kwa kuchelewa. Likizo iliyopita tulikwenda Pangani na binti yetu. Tulipopiga hodi mzee mmoja wa kike alituuliza, "Nyinyi ni nani?" Ilitubidi tumtaje Bibi ndipo tukafunguliwa mlango. Aibu ile hatutaki muipate nyinyi.

Kwa hiyo tunawapa kazi. Kabla ya Ramadhani kila mwanafunzi alete daftari lenye majina ya ndugu wa bibi zake wote wawili, mzaa baba na mzaa mama, na mahali wanapoishi au walipozikwa, na aandike amemtembelea nani na lini. Mwenye bibi aliye hai akamuulize yeye, asiulize kwenye simu. Madaftari tutayakagua. La kwetu pia tutalileta mlione, watu wa Pangani bado majina mawili hatujayapata.