Alisifiwa, Lakini Hakutia Tembo Maji

Jumapili moja, tukiwa tunakusanya vitabu vya nyimbo baada ya ibada, mama mmoja alitushika mkono akatuvuta kando. "Mama Nesi," alisema, "nina shida, na si ya dawa." Binti yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Hutunga nyimbo na kuziimba kwa gitaa, na amerekodi albamu moja kwa fedha zake mwenyewe. Wanaojua muziki wameisifu, na mtangazaji mmoja ameisema vizuri sana redioni. Sasa binti anataka kuacha ualimu. "Wamemsifu mno," mama alisema, "lakini albamu zenyewe bado zimejaa kwenye boksi chini ya kitanda. Nimwambie nini?"

Hatukumjibu siku hiyo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi hatukutaka kumrushia mama methali kisha twende zetu. Tulirudi nyumbani tukakaa tukiwaza habari za mwimbaji mmoja wa Marekani, John Prine. Wengi wetu tuliujua muziki wa kantri kupitia sauti ya Jim Reeves redioni. Huyu Prine ni wa ukoo huo huo, ila hakuwa na sauti laini kama ile. Nguvu yake ilikuwa katika maneno.

Alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa Maywood, jirani na Chicago. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kupeleka barua nyumba kwa nyumba, na nyingi za nyimbo zake za kwanza alizitunga akiwa njiani na mfuko wa barua begani. Jioni aliziimba katika vilabu vidogo. Mwaka 1970 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliingia katika kilabu kimojawapo, akamsikia, akaandika makala ya kumsifu mpeleka barua huyu anayeimba. Baadaye Kris Kristofferson, ambaye tayari alikuwa na jina kubwa, alimsikia naye akamfungulia mlango. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1971.

Wahakiki waliipokea kwa mikono miwili, na hadi leo huitaja kati ya albamu bora za watunzi wa Marekani. Walisifu nini? Walishangaa kwamba kijana wa miaka ishirini na kitu aliweza kuingia ndani ya mioyo ya watu wasiofanana naye. Katika "Angel from Montgomery" anaimba kwa kinywa cha mwanamke wa makamo aliyechoshwa na ndoa iliyopoa. Katika "Hello in There" anaimba habari za wazee walioachwa peke yao. Alisimulia kwamba utotoni alimsaidia rafiki yake kupeleka magazeti katika nyumba ya wazee, na baadhi ya wazee walikuwa wakijifanya kwamba yeye ni mjukuu wao aliyekuja kuwatembelea. Sisi tunaofanya kazi wodini tunaijua hali hiyo. Tumewahi kuitwa jina la binti wa mgonjwa, tukaitika tu, kwa sababu huyo binti hakuwa amekuja.

Si kila kitu chake tunakikubali. Katika wimbo "Sam Stone", wa askari aliyerudi kutoka vitani akiwa mtumwa wa dawa za kulevya, kuna mstari mmoja kuhusu Bwana Yesu unaochoma sikio la Mkristo. Johnny Cash alipouimba wimbo huo aliubadilisha mstari huo. Sisi tunauelewa kama kilio cha mtoto aliyekata tamaa, lakini hatutamlaumu mama atakayeona umepita kiasi.

Basi, sifa hizo zilimletea utajiri? Hapana. Albamu ile haikuuzwa sana. Alitoa saba kwa jumla katika kampuni mbili kubwa, na kufikia mwaka 1980 ilikuwa wazi kwamba kusifiwa na kuuza ni mambo mawili. Hapo ndipo alipofanya jambo lililotugusa zaidi. Mwaka 1981, pamoja na meneja wake Al Bunetta, alianzisha kampuni yake ndogo, Oh Boy Records. Wasikilizaji wake walimtumia fedha za albamu kabla haijatengenezwa! Albamu hiyo, "Aimless Love", ilitoka mwaka 1984.

Tangu hapo alitunga kwa mwendo wake, bila bosi wa kumwambia aimbe kinachovuma. "The Missing Years" ya mwaka 1991 ilipata tuzo ya Grammy, na tuzo hiyo ilikuja katika kampuni yake ndogo.

Mwaka 1998 alipatikana na saratani shingoni. Alifanyiwa upasuaji na kuchomwa kwa mionzi, na sauti yake ikashuka ikawa nzito na ya kukwaruza. Sisi wauguzi tunajua mgonjwa wa aina hiyo huogopa nini. Lakini alijifunza kuimba upya kwa sauti aliyobakiwa nayo, na "Fair & Square" ya mwaka 2005 ilimpa Grammy nyingine. Mwaka 2013 saratani ikampata tena, safari hii pafuni, akafanyiwa upasuaji akarudi jukwaani. "The Tree of Forgiveness" ya mwaka 2018 ilifika nafasi ya 5 katika orodha kuu ya albamu za Marekani. Hakuwahi kufika juu hivyo, na alikuwa na miaka 71. Alifariki Aprili 7, 2020, kwa ugonjwa wa korona. Alikuwa mvuta sigara kwa miaka mingi, na katika albamu hiyo ya mwisho bado anaimba jinsi atakavyovuta akifika mbinguni. Hapo, wapenzi wasomaji, muuguzi na mpenda nyimbo ndani yetu waligombana!

Wiki iliyofuata tulimtafuta yule mama, tukamwambia hivi. Usimkataze binti yako kutunga. Lakini mwambie kwamba Prine aliposifiwa gazetini bado alikuwa akibeba mfuko wa barua. Aliuweka chini pale ambapo kuimba kulianza kumlisha. Darasa halizuii wimbo. Huenda ndilo linaloulisha, kama njia ya posta ilivyomlisha yeye. Na sifa zisimfanye atunge ili asifiwe tena. Aendelee kuwatazama watu.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Na wewe Mama Nesi, ulimpigia makofi pale kanisani. Albamu yake umeinunua?"

Tuliinamisha kichwa. Hatukuwa tumeinunua. Tulikuwa miongoni mwa waliomsifu sana, na kumbe boksi lile chini ya kitanda lilikuwa limejaa sehemu kwa ajili yetu. Wale waliomtumia Prine fedha kwa posta walijua jambo ambalo sisi tulilisahau: makofi hayalipi nauli ya kwenda studio.

Tulinunua mbili siku hiyo hiyo, moja yetu na moja ya wodi ya akina mama. Wimbo wa nne ni wa bibi anayekaa mlangoni jioni akingoja mtu asiyekuja. Jumatatu usiku tuliupiga kwa sauti ya chini. Bibi wa kitanda cha dirishani, ambaye hakuwa amesema neno tangu alipolazwa, akatuuliza, "Huyo mtoto anayeimba ni wa nani?"

Binti bado anafundisha. Boksi linapungua.