Tumejaaje na Tumepungua?

Sisi watu wa Lewiston, jimbo la Maine, tumehesabiwa mpaka tumechoka, na bado hakuna anayetujua. Mwaka 1970 tulikuwa 41,779. Sensa ya 2000 ikatukuta 35,690. Watu elfu sita na ushee wamekwenda zao, viwanda vya nguo vimefungwa kimoja baada ya kingine, na zile ghorofa za mbao za katikati ya mji zimebaki na vyumba vya njiwa. Mwaka 2001 Wasomali wakaanza kuingia, wengi wakitoka miji mikubwa walikokuwa wamepelekwa kwanza, wakitafuta pango nafuu na mtaa ambao mtoto anaweza kwenda shule bila kuogopa. Oktoba 2002, wakiwa kama elfu moja hivi, meya wa wakati huo akawaandikia wazee wao barua ya wazi: waambieni ndugu zenu wapunguze kuja, mji umeelemewa.

Umeelemewa na nani, jamani? Elfu sita wametoka, elfu moja wameingia, na hesabu hii haihitaji profesa. Wasifu wa mji uliotokana na sensa ulikuwepo ofisini, wenye jedwali na asilimia, lakini siku ya kuuhitaji hakuna aliyeufungua. Januari iliyofuata kikundi kidogo cha wabaguzi kikaja kutoka nje kutuokoa na wageni. Maelfu yetu tulijazana katika chuo cha Bates kuwaambia kwamba hatukuomba kuokolewa.

Na hao wanaoitwa wenyeji ni nani? Wengi wetu ni wajukuu wa Wakanada wa Quebec walioshuka kwenye treni ya Grand Trunk miaka ya 1870 kuja kufuma pamba kando ya mto Androscoggin. Nao waliambiwa ni wengi mno, wana watoto wengi mno na wanasali vibaya. Mwaka 1919 jimbo likapitisha sheria kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, na bibi zetu wakakua wakijua kwamba Kifaransa ni cha jikoni na kanisani. Leo sensa inawaweka wazao wao katika kisanduku cha weupe, basi. Fomu ya 2020 ilitoa mifano ya weupe: Mjerumani, Mwairishi, Mwingereza, Mwitaliano, Mlebanoni, Mmisri. Mkanada wa Kifaransa, aliyejenga nusu ya mji huu, hakukumbukwa. Kisanduku cha weusi kilimtaja Msomali kwa jina. Kwa hiyo Mmisri ni mweupe, Msomali ni mweusi, na wote wawili wametoka bara moja. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliamua kuwapa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kisanduku chao. Heri yao.

Kwenye lugha ndiko tunakochoka kabisa. Mwaka 2020 ungeweza kujibu kwa simu au kwa intaneti kwa Kiingereza na lugha nyingine 12. Kifaransa kilikuwemo. Kiswahili na Kisomali vikapewa mwongozo wa maelezo tu: soma hapa, kisha ukajaze kule kwa lugha ya wenzako. Mkongo aliyehamia hapa, anayejua Kifaransa, akaona afadhali apitie mlango uleule wa bibi wa Kikanada wa ghorofa ya chini. Kumbe ilibidi tukutane kwa mkoloni ndipo tuhesabike! Kisha ukifungua majedwali ya lugha za nyumbani, unakuta Kiswahili kimewekwa fungu moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini, na Kisomali kiko na Kiamhari. Mwalimu mkuu anayetaka kujua amtafute mkalimani wa lugha gani kwa mkutano wa wazazi, jedwali hilo litamsaidia nini?

Halafu habari zenyewe ni za zamani. Utafiti wa kila mwaka wa Ofisi ya Sensa unaouliza kipato, elimu na lugha hutoa takwimu kamili za mwaka mmoja kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi. Sisi, kwa 37,121 tuliohesabiwa mwaka 2020, hupewa wastani wa miaka mitano. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa kukusanya majibu huenda yuko darasa la tano picha yake inapotoka. Katika mji ambao mwaka mmoja unaleta familia za Kongo na Angola na mwaka mwingine hauleti mtu, wastani wa miaka mitano ni wa mji usiokuwepo.

Na mtaani ndiko kwenye vituko. Ili kulinda siri za watu, Ofisi ya Sensa ilizichezea kwa makusudi takwimu za maeneo madogo ya sensa ya 2020, hata kwenye majedwali kuna vitalu vya sensa nchini humu vyenye watoto bila mtu mzima hata mmoja. Nia ni njema, hatukatai. Lakini sisi ambao nyumba zetu za zamani zina rangi yenye madini ya risasi, sumu kwa watoto, tungependa kujua watoto wako kitalu gani hasa.

Hao watoto pia wanapotea kwenye hesabu. Uchunguzi wa Ofisi yenyewe ulionyesha kwamba watu weusi nchini walihesabiwa pungufu kwa asilimia 3.30 mwaka 2020, ilhali weupe wasio na asili ya Kilatini walizidishwa kwa asilimia 1.64. Watoto chini ya miaka mitano nao walihesabiwa pungufu. Na hizo ndizo namba zinazogawa fedha za shule na makazi. Maine imezeeka, kwa miaka mingi imezika zaidi ya inavyozaa, na hapa Lewiston ndipo madarasa yanapojaa. Wenye nyumba wanalalamika kwamba kodi ya majengo inapanda kwa sababu ya shule. Wanastahili kulalamika, ila wakamlalamikie aliyehesabu vibaya.

Aprili 2030 sensa itarudi. Karani asije akabisha hodi ghorofa ya tatu akauliza kwa sauti ya mwenye nyumba, “Mnaishi wangapi humu?” Mkataba wa pango unasema wanne, ndani wako saba, na jibu atakalopewa ni wanne.