Maumivu ya Bega Yapimwe, Yasipuuzwe

Katika shule na ofisi nyingi nchini wako watumishi wanaofanya kazi wakiwa na maumivu ambayo hakuna mwingine ayaonaye. Mwalimu husimama mbele ya darasa, akainua chaki, na mkono ukakwama kabla haujafika katikati ya ubao. Karani wa masjala hushindwa kulifikia jalada lililo katika rafu ya juu. Usiku mtumishi huyo huyo hapati usingizi, maana kila anapolilalia bega lake huamshwa na maumivu. Asubuhi akichelewa kazini, au akiomba ruhusa ya kwenda hospitali, minong'ono huanza kwamba ni mvivu.

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetembelea magongo huonewa huruma na kila mtu, lakini mwenye bega bovu hutakiwa athibitishe kuwa ni mgonjwa. Je, athibitishe kwa kitu gani?

Jibu la haraka la wengi ni picha ya eksirei. Lakini eksirei huonyesha zaidi mifupa. Haionyeshi vizuri kano zinazouinua mkono, wala mfuko laini unaokizunguka kiungo, na humo ndimo yanamotokea magonjwa mengi ya bega. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa kuwa picha yake ni safi na kwamba hana ugonjwa huwa amedhulumiwa bila kukusudiwa. Kwa upande mwingine, vyombo vya kisasa zaidi huweza kuonyesha kano iliyochanika katika bega la mzee ambaye hasikii maumivu yoyote. Ni dhahiri basi kwamba picha peke yake haitoshi. Bega hupimwa kwanza kwa kumsikiliza mwenye nalo na kuutazama mwendo wake.

Kiungo hiki kimeumbwa kwa namna ya pekee. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe kinachokipokea, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Kinachokizuia kisianguke ni mfuko wa kiungo, pamoja na misuli minne na kano zake. Ndiyo maana mkono huweza kwenda pande zote, na ndiyo maana pia bega huumia kwa urahisi.

Mpimaji makini huanza kwa maswali. Maumivu yalianza lini, na je, yalifuata kuanguka? Yako wapi hasa? Huzidi usiku? Ni kazi ipi iliyomshinda mgonjwa: kuchana nywele, kufunga kanga, kuinua jembe au kuandika ubaoni? Kisha mabega yote mawili hufunuliwa, kwa faragha na heshima inayostahili, ili bega bovu lilinganishwe na zima.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa kazi yote. Mgonjwa huinua mkono mwenyewe mpaka pale anapoweza. Halafu hulegeza misuli, na mpimaji akauinua mkono huo kwa niaba yake, taratibu. Tofauti kati ya miendo hiyo miwili husema mengi. Ikiwa mgonjwa hawezi kuuinua mkono lakini mpimaji anauinua mpaka juu bila kizuizi, huenda kano imechanika au neva imedhurika. Ikiwa mkono umekwama kwa wote wawili, na hasa ukikataa kuzungushwa kwa nje huku kiwiko kikiwa ubavuni, yawezekana bega limeganda. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa makamo, na wenye kisukari wamo katika hatari kubwa zaidi. Ikiwa maumivu hujitokeza mkono unapopita kati ya nyuzi 60 na 120, kisha hupungua, mara nyingi kano ndizo zenye matatizo. Dalili moja haikati shauri. Lakini zikikusanywa pamoja humwonyesha mtaalam njia.

Mwendo huo hupimwa kwa chombo ambacho mwalimu yeyote wa hisabati angekitambua, kwani ni kipimapembe chenye mikono miwili. Maumivu nayo hupewa namba na mgonjwa mwenyewe, kuanzia 0, yaani hakuna, hadi 10, yaani makali kupita yote awezayo kuyafikiria. Namba hiyo si ya kushindanisha wagonjwa. Ni ya kumlinganisha mtu na nafsi yake, leo na baada ya wiki sita.

Wako watakaosema kuwa neno la mgonjwa si kipimo. Wataalam wa mabega wamekwisha kulijibu hilo. Mwaka 1987 Constant na Murley walitangaza kipimo cha alama 100 ambacho bado kinatumika katika nchi nyingi. Alama 35 hutokana na maelezo ya mgonjwa juu ya maumivu na shughuli zake za kila siku. Alama 65 hutokana na mwendo na nguvu zinazopimwa na mtaalam. Neno na kipimo vimewekwa katika mizani moja, na hakuna kilichotupwa.

Fundisho jingine ni la Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, aliyetoa kitabu maarufu juu ya bega mwaka 1934. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akisisitiza kuwa kila hospitali imfuatilie mgonjwa baada ya matibabu ili ijulikane kama kweli alipona. Wenzake wengi hawakupendezwa. Lakini hoja yake ina uzito hadi leo: asiyepima mwanzo hawezi kujua kama tiba imefaa.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi za kigeni. Yanahitaji mikono iliyofundishwa, kipimapembe, kadi, na dakika chache. Kuandika vidonge bila kuligusa bega ni umangimeza uliovaa koti jeupe.

Watumishi nao wana wajibu. Asiyeweza kuuinua mkono baada ya kuanguka, au mwenye bega lililovimba na kuwa la moto pamoja na homa, asingoje. Na maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho au kuhema kwa shida yaweza kutoka moyoni. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Wakuu wa shule na wa idara hawatakiwi kuwa waganga. Wanatakiwa kuacha kuhukumu wasichokipima. Mwalimu akirudi na kadi inayoonyesha kuwa mkono wake unafika nyuzi 70 tu, apewe kazi inayolingana na nyuzi 70, huku akiendelea na matibabu na mazoezi. Taifa haliwezi kudai jasho la mfanyakazi huku likiyafumbia macho maumivu yake.