Injini ni ile ile, honi si yetu

Kwenye mkutano uliopita wa chama nilitaniwa kweli kweli: eti jamaa anabeba boksi wiki nzima, halafu hela yake anaimalizia kwenye treni ya watoto. Utani nimeupokea. Ila nina hoja yangu, naomba mnisikilize kwanza, mtacheka baadaye.

Treni yenyewe ni ya kipimo cha HO, yaani ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli. Kichwa chake ni Alco C420, mtumba, nilikinunua kikiwa bubu. Jirani yangu, mzee mstaafu wa Kimarekani, ndiye aliyenishawishi nikitie sauti. Hapa Herndon usishangae kukuta wazee wa namna hiyo. Katikati ya mji kuna steshini ya mwaka 1857, siku hizi ni makumbusho, na ile njia ya W&OD tunayoendeshea baiskeli imepita palepale palipokuwa na reli mpaka ilipofungwa mwaka 1968. Reli imeondoka, ila watu wanayo vyumbani mwao.

Sauti inatiwa kwa kidude kinachoitwa dikoda. Ni kibao cha umeme, kidogo kama kidole gumba, na ndani yake zimehifadhiwa sauti zilizorekodiwa kwenye injini za kweli. Waya mwekundu na mweusi zinachukua umeme kutoka kwenye reli, wa machungwa na wa kijivu zinakwenda kwenye mota, nyingine ni za taa na za spika. Ukiongeza mwendo, dikoda inaongeza na ngurumo. Spika lazima ikae ndani ya kisanduku kilichozibwa, kwa sababu sauti ya mbele na ya nyuma zikikutana zinauana, unabaki na mlio wa nyuki.

Kazi ngumu ni mota. Kwenye vichwa vingi vya zamani mota inagusa fremu ya chuma, na fremu hiyo ndiyo inayopitisha umeme wa reli. Usipoitenga kabisa, umeme unaingia kwenye dikoda kwa mlango wa nyuma. Mimi sikupima, nikajiona fundi, nikakiweka relini. Moshi kidogo, harufu, basi. Zaidi ya dola mia moja zimeondoka kwa sekunde moja, na hapo ada ya muhula sijamaliza kulipa. Mzee wa jirani hakusema kitu, alikwenda kuleta kipimo chake cha umeme akakiweka mezani. Cha pili nilikipima mara tatu, nikakijaribu kwanza kwenye kipande cha reli chenye umeme mdogo, nikaita namba 3, ndiyo namba wanayotoka nayo kiwandani. Kikanguruma.

Sasa sikilizeni. Nikampigia simu baba mdogo, Tabora. Yeye ameendesha treni ya reli ya kati mpaka anastaafu. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, kisha nikamwambia, baba mdogo, sikia hii. Nikaisogeza simu kwenye kichwa. Kimya. Halafu akasema: “Themanini na nane hiyo. Umeitoa wapi?”

Nilikaa chini. Hakubahatisha. Vichwa vya aina ya 88, ambavyo East African Railways ilianza kuvipokea miaka ya mwanzo ya 1970, vilitengenezwa na MLW ya Montreal, Kanada, ndugu yake Alco. Alco yenyewe ilifunga karakana yake ya vichwa vya treni huko New York mwaka 1969, MLW wakaendelea na injini zake. C420 ina injini ya Alco 251 ya silinda 12, nguvu ya farasi 2,000. Themanini na nane nayo hivyo hivyo. Mzee wangu aliisikia kwa simu, toka bara jingine, akaitambua kama unavyotambua kikohozi cha jirani.

Kisha nikabonyeza namba 2, honi. Akacheka. “Hapana mwanangu, hilo honi la watu wengine.” Nikabonyeza namba 1, kengele. “Na kengele ya nini, kuna misa?”

Hoja yangu ndiyo hiyo. Injini tuliinunua, na wenye injini wameirekodi vizuri sana. Honi ya kwetu, na mkono wa dereva anayeipiga akikaribia steshini ambayo mama zake na dada zake wanauza ndizi na karanga dirishani, hiyo sijaikuta dukani. Orodha za dikoda nilizopitia zina Marekani, Uingereza, Ujerumani. Pale makumbusho ya reli Nairobi yamesimama magaraati mawili ya aina ya 59, kati ya 34 yaliyojengwa Manchester miaka ya 1950, yenye majina ya milima yetu. Unaweza kuyapanda, kuyagusa, kupiga picha ya Facebook. Kuyasikia, huwezi.

Najua mtakaloniambia. Reli ni ya mkoloni, na nyumbani kuna shida za maana kuliko honi. La kwanza silikubali: 88 haikuletwa na mkoloni, iliagizwa na serikali zetu tatu zikiwa pamoja, kabla shirika halijavunjika mwaka 1977. La pili ni kweli, lakini kurekodi hakugharimu kitu, na hakumnyang'anyi mgonjwa dawa yake. Halafu mambo yanakwenda haraka. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar mpaka Dodoma, na mimi nitaipanda kwa furaha, haina moshi. Ila haingurumi.

Zipo dikoda zinazokubali sauti unayoitia mwenyewe kwa kompyuta. Kwa hiyo wale mnaokwenda likizo Dar, Tabora, Voi, Tororo, nawaombeni. Ombeni ruhusa kwa mkuu wa steshini, simameni mbali na reli, washeni simu, halafu mnyamaze, maana sisi kwa kuongea! Rekodini injini ikiwa imesimama inaunguruma, kisha ikiondoka, na honi peke yake bila mtu kupita akisema “mambo vipi”. Mkimpata dereva mstaafu, mwacheni aeleze alivyokuwa akiipiga na kwa nini. Baba mdogo ana miaka 76, na aliniambia kila dereva alikuwa na mkono wake, wake zao walikuwa wanajua nani anaingia kabla treni haijaonekana.

Kichwa changu kiko mezani. Namba 1 na namba 2 nimezizima.