Walianza na Tunda Moja la Zeituni



Watu wa makamo waliowahi kusafiri kwa ndege zamani wana malalamiko yao. Hawalalamikii nauli, wala hawalalamikii kuchelewa. Wanalilia chakula. Wanaikumbuka trei ndogo iliyowekwa mbele ya kila abiria, hata yule aliyekaa daraja la chini, kiti cha nyuma kabisa: kipande cha kuku au nyama ya ng'ombe chenye mchuzi, kimefunikwa kwa karatasi ya alumini, kachumbari kidogo, mkate mdogo wa mviringo, baridi kama jiwe, siagi, keki na kikombe cha chai. Walipokuwa wakikila chakula hicho walikisema vibaya. Leo katika safari nyingi fupi za Marekani na Ulaya hakitolewi tena, nao wanakitamani.

Huenda mwenzetu wa shamba la chai akauliza: habari hii inatuhusu nini sisi, ambao wengi wetu ndege tunaiona ikipita juu ya shamba tu? Sisi twasema inatuhusu sana. Trei ile haikushuka kutoka mbinguni. Ilipikwa, ikafungwa, ikapakiwa, na baada ya safari ikaoshwa na wafanyakazi. Na namna ilivyoondolewa, kidogo kidogo, ndiyo namna ile ile uji wa saa nne unavyoondolewa viwandani na mashambani kwetu.

Kwanza tujue kwa nini chakula kile kilitolewa. Hapana shaka wako wanaodhani ulikuwa ukarimu wa matajiri. La. Mnamo Oktoba 1919, shirika la Handley Page lilipoanza kuwapa chakula abiria wa kutoka London kwenda Paris, liliwauzia kasha la chakula kwa shilingi tatu. Chakula cha bure kilikuja baadaye, kwa sababu ya ushindani. Miaka ile nauli zilipangwa kwa makubaliano ya mashirika na kwa amri za serikali. Bei ikiwa moja kwa wote, tajiri atamvutaje mteja? Alimvuta kwa kuku.

Mwaka 1958, daraja la bei nafuu lilipoanzishwa katika safari za kuvuka Atlantiki, mashirika yalipatana kwamba abiria wa daraja hilo wapewe sandwichi tu, chakula chepesi, baridi na cha gharama ndogo. Shirika la SAS la nchi za Skandinavia likatoa sandwichi zilizorundikwa nyama na samaki hata mkate wenyewe ukawa hauonekani. Pan American wakashtaki, na SAS wakatozwa faini ya dola 20,000. Tazameni, ndugu: matajiri waligombana na kutozana faini kwa sababu mmoja wao alimshibisha abiria wa daraja la chini kupita kiasi walichopatana.

Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria ya kuyaacha mashirika yajipangie nauli. Tuseme kweli: nauli zilishuka, na watu wengi wa kipato kidogo waliweza kupanda ndege kwa mara ya kwanza. Hilo hatulikatai. Lakini tangu hapo ushindani ukawa wa bei, na yule kuku aliyekuwa chambo akageuka gharama. Hesabu zikaanza.

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha Robert Crandall, mkuu wa shirika la American Airlines katika miaka ya 1980. Yasemekana aliona kwamba wakiondoa tunda moja tu la zeituni katika kila sahani ya kachumbari, shirika litaokoa dola 40,000 kwa mwaka. Likaondolewa. Nani angegoma kwa ajili ya zeituni? Nani hata angeona kwamba halipo?

Baada ya zeituni yakafuata mengine. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, mashirika mengi ya Marekani yaliondoa chakula cha moto katika daraja la chini kwa safari za ndani ya nchi, yakisema hali ni ngumu. Mwaka 2005 shirika la Northwest liliondoa hata vibiskuti vya chumvi. Mwaka 2010 Continental, lililokuwa limebaki peke yake miongoni mwa mashirika makubwa ya nchi ile, nalo likaacha kutoa chakula cha bure. Mwaka 2017 British Airways lilianza kuwauzia abiria wa daraja la chini sandwichi katika safari fupi. Tumerudi kwenye shilingi tatu za mwaka 1919.

Wanaokumbuka trei hukumbuka walichokula. Sisi tunawakumbuka waliopika. Karibu na uwanja wa Heathrow, London, jiko la British Airways liliuzwa mwaka 1997 kwa kampuni nyingine, na baadaye likafahamika kwa jina la Gate Gourmet. Wafanyakazi wake wengi walikuwa akina mama wenye asili ya India, wakaao Southall na mitaa ya jirani. Tarehe 10 Agosti 2005 waliona vibarua wapya wameletwa wakati wao wenyewe wameambiwa kazi zitapunguzwa. Wakakusanyika katika chumba chao cha kulia wapate maelezo. Wapatao 670 walifukuzwa kazi, na wengine walitangaziwa kwa kipaza sauti.

Kesho yake wapakia mizigo wa British Airways waliweka kazi chini kuwaunga mkono, ingawa sheria ya Uingereza ilikataza mgomo wa namna hiyo. Ndege hazikuruka, na abiria zaidi ya 100,000 walikwama. Mwezi Septemba mapatano yalifikiwa: baadhi walirudishwa, wengi wakaondoka na malipo, na wengine waliyakataa mapatano yale. Haukuwa ushindi kamili. Lakini siku ile dunia ilitambua kwamba nyuma ya trei kuna mikono ya watu. Waingereza wengi waliwakumbuka akina mama wa Grunwick, waliogoma London mwaka 1976 wakiongozwa na Jayaben Desai, ambaye kabla ya kwenda Uingereza aliwahi kuishi Tanzania. Wengi wa wale waliogoma naye walitoka Afrika Mashariki hii hii.

Sasa turudi nyumbani. Katika kiwanda kimoja tunachokijua, wafanyakazi walikuwa wakipewa chakula cha mchana, na Ijumaa nyama. Nyama ikaondolewa, wakasema, si neno, maharage yapo. Maharage yakawa mchuzi mtupu. Wakasema, ugali upo. Mwaka uliofuata jiko likafungwa, wapishi wakaachishwa, na mama mmoja akapewa ruhusa ya kuuza chakula langoni. Wawakilishi walipokwenda ofisini kudai, meneja aliwauliza neno moja tu: "Imeandikwa wapi?" Haikuandikwa popote. Ilikuwa mazoea, na walidhani mazoea ni haki.

Basi, ndugu, tuchukue mafunzo matatu.

Kwanza, kitu tunachopewa bila maandishi ni chambo, na chambo huondolewa samaki akishakamatwa. Chakula, usafiri, sabuni, mabuti, chai ya saa nne: vyote viandikwe katika mkataba wa hali bora, na kipimo chake kiandikwe.

Pili, tusingoje jiko lifungwe ndipo tuseme. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwakilishi atakayekuja mkutanoni kueleza kwamba kijiko kimoja cha sukari kimepungua asichekwe. Huyo ameona zeituni.

Tatu, jiko likikabidhiwa kwa kampuni nyingine, wapishi wake wabaki wenzetu. Wapakia mizigo wa Heathrow hawakusema "hao si wa kampuni yetu." Nasi tusiseme hivyo juu ya wapishi, walinzi na wafagiaji walioletwa na wakandarasi. Waingizwe katika chama.

Abiria wa zamani waendelee kumkumbuka kuku wao, hatuwaonei kijicho. Sisi hatutaki uji wa saa nne uwe hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Tunautaka kikombeni, kesho saa nne.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu!