Kidole Kilichozikwa Wampembe

Miaka kadhaa iliyopita, kijijini Wampembe, kandokando ya Ziwa Tanganyika, binamu yangu alijikata kidole gumba kwa panga alipokuwa akichanja kuni. Wazee walikizika kidole nyuma ya nyumba. Yeye akafungwa kitambaa, akapakiwa kwenye pikipiki kuelekea Namanyere. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kidole kilichokatika huweza kurudishwa.

Huweza. Mwaka 1965 madaktari wa Japani, Komatsu na Tamai, walikiunganisha upya kidole gumba kilichokatika kabisa, wakishona mishipa ya damu kwa msaada wa hadubini. Kidole hakina misuli, hivyo hustahimili kukosa damu kuliko mkono: takriban saa 12 katika joto la kawaida, na hata 24 kikipozwa. Mkono wenye nyama nyingi hupewa saa 6 hivi. Mkato safi wa panga una matumaini kuliko kidole kilichosagwa au kunyofolewa na mkanda wa mashine. Tena gumba ndilo hupiganiwa kwanza, kwa kuwa bila hilo mvuvi hashiki kasia wala kamba ya wavu sawasawa.

Jeraha la binamu yangu, basi, lilikuwa na sifa zote isipokuwa mahali lilipotokea.

Sidai kila wilaya iwe na daktari bingwa wa kushona mishipa midogo. Huyo hufunzwa kwa miaka mingi. Ninachodai ni kidogo: mhudumu wa zahanati na dereva wa bodaboda wajue kukifunga kidole kwa kitambaa safi chenye unyevu, kukitia ndani ya mfuko wa nailoni usiovuja, kisha kuuweka mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, kitaungua.

La pili ni usafiri. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na Wampembe iko mbali zaidi, chini ya ukingo wa bonde la ufa. Lakini Serikali tayari ina mfumo wa m-mama: mjamzito mwenye dharura huitiwa usafiri kwa namba 115 bila malipo, na dereva wa kijijini hulipwa kwa kazi hiyo. Wizara itueleze kwa nini simu hiyohiyo isimpokee mvuvi aliyeshika kidole chake mkononi, na ni hospitali ipi itakayoambiwa ijiandae kabla hajafika.